Holi ya Braj mpaka Hola ya Anandpur: fimbo, rangi na farasi

Ijumaa 7 Machi 2025, Mathura na Barsana

Tumeshuka Mathura asubuhi na usingizi wa vipande vipande, kitanda changu kilikuwa kile cha kando ya njia na kila muuza chai akipita ananigonga goti, chai chai chai mpaka saa tisa usiku, sijui hawa watu wanalala saa ngapi. Tuko wawili, mimi wa Voi na kaka mmoja Mngoni wa Songea, wote tunasoma Punjab, na mwenyeji wetu ni mwenzetu wa darasani, binti wa hapahapa Mathura aliyetangulia nyumbani. Huyu dada tangu tujuane anatucheka kwamba Holi yetu ya hosteli (Holi ndio sikukuu ya rangi ya Wahindu), ile ya kumwagiana maji mpaka mchana alafu kila mtu anaenda kulala, si Holi, ni kuoga tu. Holi iko Braj.

Braj ndio hii sehemu yote ya Mathura, Vrindavan, Gokul, Govardhan, Barsana na Nandgaon, jimbo la Uttar Pradesh, huku ambako Wahindu wanaamini mungu wao Krishna alizaliwa na kukulia. Na huku sikukuu haiji siku moja ikaondoka. Inaanza kunukia tangu Basant Panchami, mwaka huu ilikuwa mwanzoni mwa Februari, alafu wiki ya mwisho kabla ya mwezi mpevu wa Phalgun, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kila mji una siku yake na mchezo wake. Ndio maana tumekuja mapema.

Mama mwenyeji, sisi tunamwita anti, ametupa chai na peda, kile kitamu cha maziwa ambacho Mathura wanajivunia, alafu hajauliza hata safari ilikuwaje, amekuja na chupa ya mafuta ya haradali. Nywele, nyuma ya masikio, shingo, katikati ya vidole, mpaka chini ya kucha, maana rangi ikikuta ngozi kavu inakaa nayo wiki nzima. Akafika kwa rasta zangu akasimama. Akazishika, akamwita jirani naye azishike, wakajadiliana kwa Kihindi muda mrefu sana, hukumu ikawa vitambaa viwili na juu yake ile kofia ya plastiki ya kuogea. Sawa anti.

Mchana tempo, gari dogo la abiria, mpaka Barsana, kama kilomita 45, polisi wamefunga barabara mbali na mji kwa hiyo mwisho wake ni miguu. Barsana ni kijiji cha Radha, mpenzi wa Krishna, na hekalu lake la Shri Ji liko juu ya kilima, ngazi zinapita mia mbili na zote leo zina unga wa rangi, unapanda huku unateleza. Utaratibu ni kwamba Barsana wanapeleka mwaliko Nandgaon, kijiji cha Krishna kilomita kama 8 kutoka hapa, kuwaambia njooni kesho tucheze, na Nandgaon wanamtuma kuhani wao, panda wanamwita, aje aseme tumekubali. Akishasema hivo basi furaha yake ni kurusha laddu, zile tamu za mviringo za unga wa dengu na samli, wanazirusha kutoka juu, umati mzima mikono hewani, mababu na miwani yao wanadaka, kina mama wametandaza mitandio. Moja imenipata kwenye paji la uso. Laddu si laini jamani, msidanganywe na picha.

Jumamosi 8 Machi, Barsana

Leo ndio lathmar, Holi ya fimbo, na nataka niiandike taratibu kwa sababu video zote nilizowahi kuona zinaonyesha sekunde kumi za wanawake wakipiga wanaume na basi.

Tuliwahi paa mapema, la nyumba ya ndugu wa mwenyeji wetu, na mapaa ya jirani yote watu wanalipia kukaa. Kila nyumba ina mapipa ya maji ya machungwa, yanatokana na maua ya tesu, ule mti unaochanua mwekundu huku nyanda zote msimu huu, wanachemsha maua usiku kucha. Hiyo rangi haiwashi. Ile ya unga ya dukani ndio ya kuogopa, hasa ile ya kijani na ile ya fedha.

Wanaume wa Nandgaon wanafika na ngao zao, kwanza wanapita Priya Kund, bwawa la chini ya mji, wenyeji wanawapokea na thandai, maziwa baridi ya lozi, shamari, pilipili manga na iliki, na wengi wanaongezewa bhang, yale majani ya bangi yaliyosagwa, ambayo huku ni sehemu ya sikukuu na yana maduka yenye leseni ya serikali. Hapo kando ya bwawa ndio wanafungana vilemba. Si kilemba cha urembo, ni mto wa nguo, tabaka juu ya tabaka, maana ndio kitakachopokea fimbo ngao ikichelewa. Mjukuu anamfunga babu, babu anamfunga mjukuu. Alafu wanapanda hekaluni wakiimba, wanakaa wanaimbiana na wenyeji muda mrefu, na jioni ndio wanashuka kwenye kile kichochoro cha Rangili Gali ambako wanawake wa Barsana wamepanga mstari, lehenga, yaani sketi ndefu, nzito nyekundu na njano, mtandio umeshushwa mpaka kidevuni usione uso, na kila mmoja ana mwanzi mrefu kumzidi.

Chini ya paa letu kabisa alikuwa mama mmoja mtu mzima, nasema hivo kwa sababu ya mikono, uso sikuuona. Bangili za kioo mpaka karibu na kiwiko, lehenga ya mshono wa dhahabu, na chini yake viatu vya kukimbilia, vipya, vyeupe. Mwanamume wa Nandgaon akachuchumaa mbele yake, ngao juu ya kichwa, akaanza kumwimbia maneno ambayo mwenyeji wetu amekataa kututafsiria mbele ya mama yake. Yule mama akainua fimbo kwa mikono miwili akaishusha, paa! Ngao ikatoa mlio nikausikia kwenye meno. Tena. Tena. Jamaa anarukaruka amechuchumaa vilevile, anazunguka, anacheka, anaimba. Pigo la nne mtandio ukamteleza yule mama, akasimamisha fimbo, akaurekebisha polepole, akaupachika vizuri, na jamaa muda wote huo amekaa palepale anasubiri. Hakukimbia. Mama akamaliza, paa! Wakaendelea. Mwisho jamaa akatoka chini ya ngao, akamwinamia akamgusa miguu, akampa nafasi mwingine wa nyuma yake.

Wanaume hawaruhusiwi kurudisha pigo, wana ngao tu na midomo. Wanawake nao hawaji hivihivi, anti anasema wiki kadhaa kabla wanalishwa samli, maziwa na lozi kwa ajili ya mikono ya leo. Hadithi yake ni kwamba Krishna alikuja na marafiki zake kutoka Nandgaon kumchokoza Radha na mashoga zake, na wale wasichana wakawatoa mbio kwa fimbo, basi kila mwaka wajukuu wa hao wanarudi kupigwa tena na wajukuu wa hao.

Mngoni kimya muda wote, alafu kaniambia, "Dada, mbona huu ni utani tu. Sisi na Wahehe hivihivi."

"Nyinyi na Wahehe mlipigana kweli kaka."

"Ndio nikwambie! Walipigana babu zetu, wakachoka, ikabaki utani. Mhehe akija msibani kwetu anaweza kukalia jeneza anasema halitoki mpaka alipwe, na hakuna wa kumgusa. Umewahi ona mtu anakasirika?"

Nimefikiria hiyo njia nzima ya kurudi. Sisi Pwani na Taita tunayo hiyo, labda siku hizi inapungua, lakini nilivyomwona yule jamaa anasubiri mtandio urekebishwe nimejua anachosema.

Jumapili 9 Machi, Nandgaon

Leo zamu imegeuka, wanaume wa Barsana ndio wameenda Nandgaon kupigwa na wanawake wa huko. Jana shemeji yako amekubonda, leo kakaye anabondwa na mkeo, deni limelipwa. Hekalu la huko nalo liko juu ya kilima, ua wake mpana, mchezo umenoga zaidi kuliko jana kwa maoni yangu, watu wa nje ni wachache kidogo na wazee wanacheza kwa mbwembwe. Sijapiga picha nyingi, simu iliingia maji ya tesu.

Nusu ya umati lakini akili zilikuwa Dubai. Leo ni fainali ya kriketi ya Champions Trophy, India na New Zealand, kila mtu ana simu kwenye mfuko wa plastiki anachungulia. Tumerudi Mathura kabla haijaisha, India imeshinda kwa wiketi 4, na mtaa ulivyolipuka na fataki mimi nilidhani transfoma imepasuka. Mzee mmoja wa duka la simu akatuuliza tunatoka nchi gani, nikasema Kenya, akanyoosha kidole, "Tikolo!", yule mchezaji wetu wa kriketi. Eti anakumbuka nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 pale Durban, India na Kenya, Ganguly akapiga mia, akanipa pole mpaka leo, na chaja kanipunguzia bei. Wakenya wenzangu kriketi ilitusaidia kitu bwana.

Jumatatu 10 Machi, Vrindavan

Siku mbaya na nzuri pamoja.

Vrindavan ni mji wa mahekalu, na la Banke Bihari, jina jingine la Krishna, ndio kila mtu anataka kuingia, leo hasa maana ni Ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi, na mungu wao amevishwa nyeupe ili apakwe rangi. Ndani kuna kitu sijaona kwingine, pazia la mbele ya sanamu linafungwa na kufunguliwa kila baada ya muda mfupi, wanasema macho ya Bihari ukiyaangalia mfululizo anakupenda anakufuata nyumbani, kwa hiyo wanakupa kidogo kidogo. Kila pazia likifunguka watu elfu wanapiga kelele kwa pamoja na makuhani wanamwaga maji ya rangi na maua kutoka juu. Hapo sawa, hapo nilisisimka.

Ila kufika hapo ni kichochoro upana wake mikono miwili na watu wanaingia na kutoka kwa njia hiyohiyo. Na humo ndani ya msongamano mikono ilianza. Si rangi, mikono. Kifua, kiuno, nyuma, na ukigeuka hujui ni nani, wanaume ishirini wote wamepakwa zambarau wote wanatabasamu, na mmoja ananiambia ile kauli yao ya sikukuu, usikasirike ni Holi. Nilipiga ukelele wa Kitaita ambao bibi yangu angejivunia. Kina mama wawili wa makamo wakanivuta, wakaniweka katikati yao, mmoja akatoa kandambili akaanza kuchapa hovyo nyuma yetu bila kuangalia anampiga nani, wakanisukuma hivo mpaka mlangoni. Mwenyeji wetu naye alipata ya kwake, na aliponiambia "ndio maana mimi Vrindavan huwa siji siku hizi" nilimuuliza mbona hukusema, akasema kila mwaka anaomba iwe imebadilika. Gazeti huku kila Holi linaandika na polisi kila Holi wanaahidi.

Jioni tumejadiliana na Mngoni na mimi msimamo wangu ni huu. Ile ya Barsana yule mwanamume ana kijiji, ana baba, anajulikana anaposimama, na kesho yake kaka wa yule mwanamke anaenda kupigwa kwao kwa hiyo kila mtu anapima mkono wake. Yule wa kichochoroni hana kijiji. Hakuna siku dada yake atasimama na fimbo mbele yangu. Amechukua ruhusa ya utani na si mtani wa mtu. Wanaosema Holi yenyewe ndio mbovu sikubaliani nao, na wanaosema nyamaza ni utamaduni wa watu hao ndio kabisa sikubaliani nao, maana utamaduni wenyewe umempa mwanamke fimbo.

Ya kuchekesha ni nyani. Vrindavan nyani wanaiba miwani, yaani ni kazi yao. Babu mmoja mbele yetu kanyang'anywa, nyani akapanda ukutani akaishika kwa mguu akasubiri. Muuza duka hata hakushtuka, akatoa pakiti ya juisi ya embe, akairusha, nyani akadaka kwa mkono mmoja na miwani akaiachia kwa mwingine. Rupia 10 babu kalipa. Biashara imekwisha.

Jumanne 11 na Jumatano 12 Machi

Jumanne tumefua. Gokul leo wana Holi ya fimbo ndogo kwa sababu Krishna huko ni mtoto bado, mtoto hapigwi na mwanzi, tumeiona kwenye TV na tumeridhika.

Jumatano nikarudi Vrindavan japo nilikuwa nimeapa, kwa sababu ya wajane. Mjane wa Kihindu wa kizamani anavaa nyeupe maisha yake yote, hapaki rangi, haendi kwenye sherehe, kuna familia zinamwona mkosi, na Vrindavan ndio wengi wao wanaishia, hasa kutoka Bengal Magharibi, wanaishi kwenye ashramu na kuimba bhajan, nyimbo za ibada, kwa chakula. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India iliihoji hali yao, shirika la Sulabh la Bindeshwar Pathak, yule bwana wa vyoo vya bei nafuu, likaingia kuwahudumia, na 2013 likawaandalia Holi ya kwanza. Miaka mitatu baadaye ikahamia hekalu la Gopinath lenyewe, ndani kabisa, mbele ya makuhani. Pathak amefariki 2023 lakini Holi inaendelea.

Tulisimama ukutani na wapiga picha. Sakafu yote maua, waridi na yale ya njano, kina bibi mamia wamevaa nyeupe ambayo kufikia saa saba haikuwa nyeupe tena, wanaimba, wanazunguka, mmoja anacheza na fimbo yake ya kutembelea. Hapakuwa na fujo. Bibi mmoja mfupi, shingoni shanga za mbao za tulsi, akaja moja kwa moja kwangu akanipaka rangi ya waridi mashavu yote mawili kwa viganja vikavu, akauliza kitu. Mwenyeji akatafsiri, anauliza mume wako yuko wapi. Nikasema bado sijaolewa. Bibi akacheka meno yote matatu nje, akasema usiharakishe.

Alhamisi 13 Machi, Mathura

Siku ya jikoni. Gujiya. Kama unataka kujua familia ya huku inakupenda kiasi gani angalia kama wanakuruhusu kukunja gujiya. Maziwa yamechemshwa tangu jana mpaka yakawa donge, yanaitwa khoya, yanakaangwa mkavu mpaka rangi igeuke hudhurungi kidogo, yakipoa ndio sukari, nazi, zabibu kavu, iliki na mbegu ndogo za chironji zinaingia. Sukari ikiingia moto inatoa maji na kazi yote imeharibika, anti kalisema hilo mara tatu akiniangalia mimi. Unga wa ngano unapigwa na samli mpaka ukiukamata unashikana, unasukuma chapati ndogo, unaweka kijiko cha khoya, unapaka maji ukingoni, unafunga nusu mwezi alafu ndio mtihani, ukingo unaukunja mkunjo juu ya mkunjo kwa kidole gumba. Kuna kifaa cha plastiki cha kubana, anti anacho, amekificha, anasema hicho ni cha wavivu wa Delhi. Zangu mbili zimefunguka kwenye mafuta na zimemwaga khoya yote, Mngoni zake hakuna hata moja iliyofunguka na amekuwa na kiburi tangu mchana.

Usiku Holika. Kila njia panda kuna mlima wa magogo, matawi na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa yametobolewa katikati na kutungwa kwa kamba. Mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye, mwanawe Prahlad akakataa akabaki na mungu Vishnu, shangazi mtu Holika alikuwa na kinga ya moto, akampakata mtoto wakaketi motoni. Shangazi akaungua, mtoto akatoka mzima. Basi anayechomwa leo ni shangazi. Mwaka huu saa za nyota zilikuwa mbaya jioni yote, moto haukuruhusiwa kuwashwa mpaka karibu saa tano na nusu usiku, watoto wamelala kwenye mabega wakisubiri. Ulipowaka watu wakazunguka, kila nyumba imeleta masuke mabichi ya shayiri na ngano, wanayapitisha motoni kwenye kijiti kirefu, mavuno mapya yanaonjwa kwanza na moto. Bibi wa nyumba ametugawia punje zilizoungua nusu, tukatafuna, tamu, na nusu meno yangu meusi. Kuna kijiji cha Phalen upande wa Kosi Kalan ambako panda mmoja anapita katikati ya moto huo miguu mitupu. Mngoni alitaka twende, anti akasema anayetaka kwenda aende na asirudi kulala kwake.

Ijumaa 14 Machi, Holi

Saa moja asubuhi nimeamshwa na ndoo. Sina la kuandika sana, ni rangi mpaka saa saba mchana, mtaa mzima, ngoma, ving'ora vya pikipiki, watoto juu ya mapaa na mabomba ya maji, na hapa mtaani kwa watu wanaotufahamu hakuna aliyenishika vibaya, kila mtu anapaka shavu, anakumbatia, anapokea gujiya, anaenda mlango unaofuata. Mngoni alipewa thandai na mjomba wa nyumba, na dakika arobaini baadaye alikuwa ameketi kwenye ngazi anamweleza mbuzi wa jirani historia ya Songea, hatua kwa hatua, kwa utulivu kabisa. Tulimfunika shuka.

Mwaka huu Holi imeangukia Ijumaa ya Ramadhani, na siku zote hizi televisheni ilikuwa haina habari nyingine. Miji kadhaa ya jimbo hili swala ya Ijumaa imesogezwa mpaka saa nane na nusu ili rangi ziwe zimekwisha, na mji wa Sambhal misikiti imefunikwa kwa maturubai. Jirani wa anti ni Muislamu fundi cherehani, sahani ya gujiya imepelekwa kwake jioni baada ya kufuturu, anti kaifunika na karatasi kabisa harufu isimtese kabla, na wamefanya hivo miaka yote. Hiyo televisheni haikuionyesha.

Jioni tukaaga, anti kalia, mimi nimelia, bibi kanipa mafuta ya haradali. Treni mpaka Delhi, alafu basi la usiku kutoka Kashmere Gate. Abiria wote tuna masikio ya waridi.

Jumamosi 15 Machi, Anandpur Sahib

Mwenyeji hayuko, tumebaki wawili na Mngoni ambaye hataki kuzungumzia mbuzi.

Anandpur Sahib iko Punjab chini ya milima, na hapa Masingasinga wana sikukuu yao ya siku hizihizi, Hola Mohalla. Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa dini, ndiye aliyeianzisha, mwaka unaotajwa zaidi ni 1701, muda mfupi baada ya kuiunda Khalsa, jumuiya yao ya waumini, hapahapa mwaka 1699. Watu walikuwa wanacheza rangi, yeye akasema sawa, chezeni, lakini leteni farasi na silaha tufanye mazoezi ya vita. Kwa hiyo leo rangi ipo lakini inaruka juu ya mikuki.

Barabara imejaa matrekta, kila tela limewekewa ghorofa ya mbao, chini wamelala bibi na magodoro, juu vijana na spika. Na kila mita mia kuna langar, jiko la chakula cha bure, watu wanasimama katikati ya barabara wanazuia basi lako, hawakuachii mpaka unywe chai na pakora. Basi letu lilizuiwa mpaka dereva akaanza kuomba msamaha kwamba tumeshiba.

Nihang, wapiganaji wa Kisingasinga, ndio waliotuleta huku. Wanavaa buluu, vilemba virefu ajabu vimezungushiwa pete za chuma, mapanga kiunoni, hata vitoto vya miaka sita. Uwanja wa Charan Ganga nimemwona kijana amesimama juu ya farasi wawili wanaokimbia, mguu mmoja kwa kila farasi, hakuna tandiko, hatamu mkononi, vumbi jekundu na rangi, na umati unapiga jaikara, kauli yao ya ushindi. Mwingine kapita kasi kainama kang'oa kigingi ardhini kwa ncha ya mkuki. Nimekaa kati ya kina mama wa kijijini mchana mzima, nimesukumwa kama wote, hakuna mkono uliopotea njia. Sisemi huku malaika, nasema nilichokiona.

Njaa ikatupeleka langar ya chini ya hekalu la Keshgarh Sahib. Tunakaa mistari sakafuni, mzee anayegawa roti ndevu nyeupe mpaka kifuani akafika kwangu, akaniangalia, akasema, "Wewe toka Afrika? Wapi?"

Nikasema Kenya.

"Kenya wapi mama? Mimi zaliwa Kisumu!"

Jamani. Roti zikabaki kwenye kikapu. Baba yake alikuwa wa reli, yeye akaondoka 1968 kijana kwenda Uingereza, amestaafu, kila Hola anakuja hapa kugawa roti. Nikamwambia mimi Voi, na kila tukienda Nairobi tulikuwa tunasimama Makindu, lile hekalu la Masingasinga la tangu 1926 pale barabara kuu ya Mombasa, unakula dengu na chapati bure na hakuna anayekuuliza dini. Akapiga kiganja kwenye kikapu. "Makindu! Mimi kula pale mtoto kidogo!" Akawaita wenzake, akawaeleza kwa Kipunjabi, wote wakanitazama, akauliza kama mabasi bado yanasimama pale. Nikasema siku hizi wengi wanapanda treni ya SGR. Akasikitika, akauliza na chai je, bado wanaweka tangawizi. Nyuma yetu mstari mzima unasubiri roti.

Mngoni akamwambia, "Mzee, na mimi natoka Tanzania," akitegemea shangwe. Mzee akamtazama juu mpaka chini, rangi ya jana bado iko masikioni.

"Tanzania nzuri. Vitunguu napo menya iko kule."

Na kweli, gunia zima, tumemenya mpaka giza.